Daktari Karibu

Profesa Wendell Gaskill alikuwa na neno lake moja, nalo ni "karibu". Usije ukadhani alikuwa akikaribisha wageni. Karibu yake ilikuwa ile ya kukaribia: karibu kufika, karibu kuiva, karibu kumaliza. Yaani bado. Kwa Kiingereza chao kule hayo ni maneno mawili yasiyojuana hata kwa sura, lakini mimi nasimulia kwa lugha yangu, na kwetu anayekuambia uingie na anayekuambia hujafika wanatumia neno lilelile. Nimekaa nao miaka mingi kwenye rasi ile ya Michigan, nazoa theluji mlangoni kama wao, na jambo hili bado linanichekesha.

Marlys Hautala, mwanafunzi wake, hakuwa na nafasi ya kucheka. Kila sura ya tasnifu yake iliyokwenda kwa Profesa ilirudi na maandishi ya penseli pembeni, herufi ndogo safi za mtu mwenye subira, na chini kabisa: "Kazi nzuri. Karibu." Mwaka wa kwanza neno hilo lilimpa moyo. Mwaka wa tatu lilimpa kazi. Sasa alikuwa mwaka wa tisa, na akiliona tu tumbo linamkata.

Chuo kina sheria yake: shahada ya uzamivu haizidi miaka minane. Marlys alishaomba nyongeza, akapewa mwaka mmoja, na ofisi inayohusika ikamwambia bila kumung'unya maneno kwamba hakuna nyongeza juu ya nyongeza. Mwisho wa Aprili ukifika hajaitetea tasnifu mbele ya kamati, jina lake linafutwa. Hapewi nusu shahada, hapewi hata pole. Mwanamke aliyeacha kazi yake ya kufundisha sekondari, aliyetoboa barafu ya Ziwa Superior baridi baada ya baridi mpaka vidole viwili vya mguu vikapoteza hisia, angerudi nyumbani kama mtu aliyekwenda kutembea tu. Hilo ndilo lililokuwa mezani.

Alikuwa akichunguza mayai ya samaki. Kuna samaki mweupe wa ziwani ambaye hutaga kwenye mawe kabla baridi haijakaza, halafu barafu inatanda juu na mayai yanalala salama mpaka joto lirudi. Isipotanda, mawimbi yanayasomba. Marlys alikuwa na vipimo vya barafu vya kila baridi, isipokuwa moja. Mwaka huo ziwa liligoma kuganda. Alifika ufukoni na sleji yake ya kuburuta vifaa na keekee ya kutobolea barafu, akakuta maji meusi yanapiga miamba. Basi katikati ya majedwali yake kukabaki safu tupu, kama pengo la jino la mbele, na Profesa kila akiliona pengo lile anakosa usingizi.

"Baridi moja zaidi," alimwambia Januari, ofisini kwake. Nyuma ya mlango lilining'inia koti la kijani ambalo hakuna aliyewahi kumwona nalo. "Tukipata baridi moja zaidi nzuri, hilo pengo halitasumbua. Utakuwa na kazi ambayo hakuna wa kuigusa."

"Profesa, baridi ijayo mimi si mwanafunzi tena."

"Hilo niachie mimi. Nitaongea na watu wa ofisi."

"Uliongea nao mwaka ule mwanafunzi wako Hanne alipoishiwa muda. Walikataa."

Profesa alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya sweta. "Uko karibu sana, Marlys. Itakuwa dhambi kuharakisha sasa."

Angekuwa mtu mbaya, kazi ingekuwa rahisi. Lakini mzee huyu alisoma kila mstari. Baba yake Marlys alipofariki, alikuja na koleo lake mwenyewe akaondoa theluji yote juu ya paa la mama mtu, bila kuombwa, halafu akaondoka kabla hajapewa kahawa. Msimamizi katili unamkimbia. Huyu mwema anayekuchelewesha, utamkimbilia wapi?

Chumba cha wanafunzi kilikuwa ghorofa ya chini, karibu na mitambo ya kupasha joto, na Marlys alikigawana na Lucian Beaudry, kijana wa zamani kidogo, mwenye ndevu, aliyekuwa naye chini ya Profesa huyohuyo. Ukutani juu ya meza ya Marlys kulikuwa na ratiba. Nimeona ratiba nyingi maishani, lakini ile ilikuwa arusi. Karatasi pana kama kitanda, miraba midogo ya rangi: kijani kwa kusoma, njano kwa kupima, bluu kwa kuandika, na mishale inayokwenda kulia, kulia, kulia. Kila Profesa aliposema karibu, Marlys alibandua miraba ya bluu na kuisogeza mbele. Ilikuwa imesogezwa mara nyingi hata gundi ikaisha.

"Ratiba yako inatembea kuliko wewe," Beaudry alimwambia siku hiyo aliporudi kutoka juu.

"Na yako iko wapi?"

"Mimi sina. Mtu asiye na ratiba hachelewi." Akamtazama vizuri. "Kasema tena?"

"Kasema tena."

"Pole, dada. Umekula ng'ombe mzima, sasa mkia una mwenyewe."

Jumamosi Marlys alikwenda kwa mama yake, kama kila Jumamosi. Elma Hautala aliishi peke yake kwenye nyumba ya mbao yenye sauna, kibanda cha kuogea mvuke, uani, na sheria ya nyumba ilikuwa kwamba habari mbaya husemewa ndani ya sauna, kwa sababu humo hakuna anayeweza kununa kwa muda mrefu. Mama alimwagia mawe maji, mvuke ukapanda, wote wawili wakainamisha vichwa.

"Wameanza tena kule dukani," Elma alisema.

"Wameanza nini?"

"Wananiuliza, Daktari Karibu hajambo?"

Marlys aliinua uso. "Nani kanipa jina hilo?"

"Nadhani ni mimi."

"Mama."

"Sasa ningesemaje? Kila nikienda kununua maziwa, Elma, binti yako kashakuwa daktari? Nasema karibu. Wiki ijayo, Elma, vipi? Karibu. Mtu na akili zake anasema karibu miaka yote hiyo, wewe unategemea watu wafanye nini? Wameliunganisha." Akamwaga maji tena, kwa hasira kidogo. "Na wanaouliza ni haohao ambao watoto wao hawajui hata kuandika kadi ya pole."

Marlys alitaka kucheka, hakuweza. Alilia humo ndani, na kwa kuwa katika sauna kila mtu analowa, mama yake alijifanya hajaona.

Sasa sikiliza jambo lililogeuza mambo, na lilikuwa la kipuuzi. Wanafunzi wa uzamivu wana ugonjwa wa kuyapa mafaili majina. Sura ya tatu ya Marlys ilikuwa na watoto wengi kwenye kompyuta: Sura3 Mwisho, Sura3 Mwisho Kweli, Sura3 Mwisho Kweli Hii, na nyingine iliyoitwa Sura3 Mwisho Sitaki Tena. Mapema Februari alimtumia Profesa sura hiyo, iliyoandikwa upya kwa mara ya mwisho kabisa. Wiki moja baadaye akaikuta kwenye kisanduku chake cha barua, imechapwa, ina penseli. Alisoma maneno ya mwisho kwanza, kama tunavyofanya wote.

"Hii sasa imekaa. Mtiririko umenyooka kuliko ile iliyopita. Karibu."

Akashusha pumzi. Halafu akafungua ukurasa wa pili, akakutana na aya inayoeleza namna ya kuburuta sleji kwenye barafu yenye nyufa. Aya ile hakuwa nayo. Aliifuta miaka miwili nyuma kwa amri ya Profesa mwenyewe, aliyeandika wakati ule: "Hii ni hadithi, si sayansi. Toa." Sasa pembeni mwa aya ileile, kwa penseli ileile, alikuwa ameandika: "Nzuri sana. Kwa nini hukuiweka tangu mwanzo?"

Alikuwa ametuma faili la zamani.

"Lucian," alisema polepole, "njoo usome hapa."

Beaudry alisoma. Akasoma tena. Kisha akavuta kiti akaketi, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, mpaka mtu wa chumba cha pili akagonga ukuta.

"Imenyooka kuliko ile iliyopita," alisema akifuta macho. "Ndugu yangu, hii ndiyo iliyopita. Hii ni babu yake ile iliyopita."

Marlys hakucheka. "Miaka miwili, Lucian. Miaka miwili nimekuwa nikibomoa na kujenga, na nyumba ni ileile."

Kicheko kikamwisha Beaudry. Akaigeuza ile karatasi mikononi, akaitazama kama mtu aliyeona jina lake kwenye tangazo la msiba. "Basi ulishafika," alisema. "Ulifika mwaka juzi. Hukuambiwa tu."

Kuna hasira inayokufanya upige kelele na kuna hasira inayokutuliza. Ya Marlys ilikuwa hii ya pili. Alipanda juu ya kiti, akabandua ratiba yake ya arusi, akaigeuza nyuma na kuibandika tena ukutani, upande mweupe nje. Akachukua kalamu nyeusi. Rangi hakuzigusa.

Mwaka hadi mwaka alikuwa amepanga kutoka alipo kwenda mbele, na ukipanga hivyo mwisho unakuwa popote mtu atakapousukuma. Safari hii alianza kuandika pembeni kabisa kulia: mwisho wa Aprili, kukabidhi tasnifu. Kabla ya hapo, muda wa kusahihisha watakayoyaona wanakamati. Kabla ya hapo, siku ya kutetea. Kabla ya hapo, tangazo kwenye ubao. Kabla ya hapo, kamati ipate muda wa kusoma. Alirudi kinyumenyume, hatua kwa hatua, kama mtu aliyesikia barafu ikilia chini ya miguu na sasa anarudi kwa nyayo zake mwenyewe. Alipofika kwenye siku ile aliyosimama, akakuta zimebaki wiki chache tu za kuandika. Chache, lakini zipo.

"Na mraba wa 'Profesa akubali' uko wapi?" Beaudry aliuliza.

"Haupo."

"Dada, tangazo halibandikwi bila saini yake."

"Najua. Saini nitaiomba. Kukubali sitamwomba."

Akaweka oda ya chumba cha mikutano kwa siku hiyo ya Aprili, akachapa tangazo lenye jina lake na kichwa cha tasnifu, akapiga moyo konde, akapanda ngazi.

Profesa Gaskill alilisoma tangazo kwa muda mrefu kuliko linavyohitaji. "Hatujazungumzia hili."

"Tunazungumza sasa."

"Marlys, sura ya tatu—"

"Sura ya tatu uliyoisoma juzi ni ya mwaka juzi, Profesa. Nilikosea faili. Umesema imenyooka kuliko ile iliyoifuata." Akaiweka mezani, aya ya sleji juu. "Na hii uliniambia niitoe."

Mzee alivaa miwani. Akasoma penseli yake mwenyewe, na nikikuambia masikio yake yalikuwa mekundu, amini. Alifungua mdomo kucheka, kicheko kikafika nusu kikarudi. Nje ya dirisha gari la kusukuma theluji lilipita, likarudi, likapita tena.

"Unaliona koti lile?" alisema hatimaye.

Marlys aligeuka kutazama koti la kijani.

"La Emmett. Mwanafunzi wangu wa kwanza. Nilimwambia yuko tayari. Mimi, kwa mdomo huu. Akaingia mbele ya kamati na walimrarua, Marlys, kwa maswali ambayo mimi ndiye nilipaswa kumuuliza mapema. Alitoka chumba kile akateremka ngazi, akaenda zake na baridi yote ile. Hakurudi hata kuchukua koti." Alikuwa akiongea na meza. "Nilimwandikia. Hakujibu. Tangu hapo neno 'tayari' halinitoki."

Marlys alikaa chini. Alikuja na maneno makali ameyapanga kama kuni, na sasa aliona hayana kazi. Alimhurumia, kwa kweli alimhurumia. Lakini huruma si sababu ya mtu kuzama.

"Profesa, mkate wangu wa nisu, ule mtamu wa iliki, unaupenda."

"Hilo linahusu nini?"

"Unga ukiutia jikoni mapema, mkate unakuwa jiwe. Sawa. Lakini ukiuacha uumuke, uumuke, uumuke tu kwa sababu unaogopa jiko, unafika mahali unaanguka. Ukianguka hauinuki tena, hata uufanyeje. Mimi ndiko ninakoelekea. Emmett uliwahi kumtia jikoni mapema, na sisi wote tuliokuja baada yake umetuacha kwenye beseni."

Profesa alilitazama lile koti la kijani.

"Nikishindwa," Marlys aliendelea, "nitakuwa nimeshindwa mimi. Na nitatoka na koti langu."

Hapo mzee alicheka kweli, kicheko kifupi chenye machozi. Alichukua kalamu, si penseli, akatia saini chini ya tangazo. "Sijasema uko tayari."

"Sijakuomba useme. Nimekuomba uje."

Wiki zilizofuata Marlys aliandika. Sitakudanganya kwamba zilikuwa wiki za utukufu. Kuandika tasnifu hakuna ngoma wala vigelegele, ni mtu na kiti. Aliandika asubuhi, saa za akili, na mchana alifanya yale yasiyohitaji akili: marejeo, majedwali, upana wa pambizo. Lililokuwa zuri aliliacha. Lililokuwa linatosha aliliacha pia, na hilo lilimuuma mwanzo kama kiatu kipya. Beaudry aligeuka askari wake mlangoni. Mtu akija kumwita kahawa anaambiwa dada yuko barafuni, rudi Mei.

Safu tupu ndiyo iliyomtesa. Alijaribu kuizunguka kwa maneno ya kuomba radhi, ukurasa mzima wa kujieleza kwa nini baridi ile hakupata vipimo vya barafu. Asubuhi moja aliusoma ukurasa ule kwa sauti, akajisikia kama mtoto aliyevunja kikombe. Akajiuliza: nimevunja nini mimi? Akaufuta. Akaandika badala yake mistari michache, kisha mingine, na kabla ya chakula cha mchana sura ya nne ilikuwa na uti wa mgongo ambao haikuwa nao tangu izaliwe. Alikwenda dirishani akasimama huko, mikono kiunoni, anatabasamu peke yake.

Siku ya kutetea ilikuja na theluji ya Aprili, ile nzito yenye maji. Huko kwao ni desturi mtahiniwa alete kitu cha kula, jambo ambalo mimi sijapata kulielewa. Yaani unakwenda kuchinjwa na chumvi unaleta mwenyewe. Marlys alileta mikate miwili ya nisu, imesukwa kama nywele, na chumba kizima kikanukia iliki. Elma alikuja amevaa kofia yake ya kanisani, akakaa mstari wa mbele na mkoba mapajani, anawakagua wanakamati mmoja mmoja kama anayechagua viazi.

Kamati ilikuwa ya watu wanne, lakini wa kuogopwa alikuwa mmoja: Dokta Ortolani, mtahini wa nje, mwanamke mwembamba aliyetoka ng'ambo ya ziwa upande wa Kanada. Sifa zake zilikuwa zimemtangulia. Hakuwa akipandisha sauti, na mkate hakuugusa.

Marlys alieleza kazi yake. Sauti ilitetemeka kwenye sentensi ya kwanza, ya pili ikatulia. Wanakamati wawili waliuliza maswali yao, akayajibu. Kisha Dokta Ortolani akafungua tasnifu mahali alipokuwa ameweka alama.

"Katikati ya majedwali yako kuna shimo," alisema. "Baridi nzima haina kipimo cha barafu. Mtafiti makini angengoja baridi nyingine. Kwa nini hukungoja?"

Marlys alimwona Profesa Gaskill akiinamisha kichwa, mikono imebana ukingo wa meza, na akajua mzee yuko wapi: yuko kwenye chumba kingine, na mtu mwingine, miaka mingi nyuma. Alimwona Beaudry nyuma ukutani amefumba macho. Mama yake alikuwa ameushika mkoba kama vile Dokta Ortolani anaweza kuupora.

"Kwa sababu si shimo," Marlys alisema.

"Ni nini?"

"Ni jibu. Nilikwenda na keekee nikakuta maji. Nilishinda pale ufukoni nalia, halafu nikaacha keekee nikapima maji. Vipimo vya mayai ya baridi ile ninavyo vyote. Kinachokosekana ni unene wa barafu, na barafu haikuwepo. Hapo sikukosa kupima. Nilipima nikapata hakuna." Alimtazama Dokta Ortolani machoni. "Nimeandika miaka yote kana kwamba ziwa la kweli ni lile lililoganda, na lile jingine ni ajali yangu. Ningengoja mpaka baridi zote ziwe nzuri, ningekuja kwenu na kitabu kinachoeleza ziwa ambalo halipo. Samaki hawangoji, Dokta. Barafu ikija wanataga, isipokuja wanataga."

"Na mayai yalikufa."

"Mengi. Yaliyokuwa mahali pa wazi yalisombwa. Yaliyokuwa nyuma ya miamba yalipona, na hakuna aliyejua hilo, kwa sababu kila mwaka usio na barafu watafiti walikuwa wanarudi nyumbani kungoja mwaka mzuri. Hiyo ndiyo sura yangu ya nne."

Dokta Ortolani alimtazama. Akaandika kitu kirefu pembeni mwa ukurasa, akafunika kalamu. "Ndivyo nilivyoisoma na mimi," alisema. "Nilitaka nione kama unaijua." Halafu akanyoosha mkono, akachukua kipande cha nisu, akakila chote na kuchukua kingine.

Elma akageuka kumtazama Beaudry, nyusi juu.

Watu wote wakatolewa nje, mlango ukafungwa, kamati ikabaki kuamua. Koridoni kulikuwa na benchi moja. Hakuna aliyeketi.

"Sasa tunangoja nini?" Elma aliuliza.

"Msimamizi atoke kumwita," Beaudry alisema. "Ndiyo desturi. Hatangazi matokeo, anamwita tu. Akimwita Marlys, basi kuna kazi imebaki, au mabaya zaidi. Akimwita kwa jina jingine, tumemaliza."

"Jina gani jingine?"

"Mama, analijua huyo. Mwache apumue."

Ndani sauti zilisikika, moja, nyingine, kisha mtu akacheka. Elma alitaka kujua wanacheka nini. Marlys alikuwa ameegemea ukuta, koti lake mkononi, kama alivyoahidi. Aliwaza vidole vyake vya mguu, na baba yake, na wale wa dukani. Aliwaza kwamba hata wakimkatalia, kile alichokisema mle ndani alikisema, na kilikuwa kweli, na hakuna ofisi ya kukifuta. Wazo hilo lilimpa nguvu ya kusimama wima.

Kitasa kikazunguka. Profesa Gaskill alitokea mlangoni. Miwani ilikuwa mkononi, macho mekundu.

"Karibu," alisema.

Tumbo la Marlys likamkata, kwa mazoea tu. Lakini mzee hakuwa amemaliza. Aliusukuma mlango mpaka mwisho, akajibanza pembeni kumpisha, na nyuma yake kamati nzima ilikuwa imesimama.

"Karibu, Daktari."

Akaingia.